Bahasha Zilizowasha Jiko

Stempu ikikaa majini dakika chache hujiachia yenyewe, huna haja ya kuivuta. Kona moja inainuka, ya pili inafuata, kisha stempu nzima inaelea juu ya beseni kama jani lililodondokea kisimani. Unaitoa taratibu, unailaza kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, ikikauka unaibana ndani ya kitabu kizito. Asubuhi iko bapa, rangi zake zimeng'aa, tayari kuingia kwenye albamu. Naitaja raha hiyo kabla ya kosa langu kwa sababu ilikuwa raha ya kweli, na ndiyo iliyonipofusha.

Nilikuwa na miaka 11, tukikaa Tanga, na mwaka ulikuwa 1976. Dunia nilifundishwa na stempu. Nilijua kwamba Helvetia ni Uswisi na Magyar ni Hungaria kabla sijaziona nchi hizo kwenye ramani ya darasani. Nilijua kwamba Uingereza haiandiki jina lake kwenye stempu zake, kwa sababu ndiyo iliyoanza, Mei 1840, kwa ile stempu nyeusi ya peni moja yenye kichwa cha Malkia Victoria. Kwao kichwa cha mtawala kinatosha. Nilikuwa nikizunguka madukani kuomba bahasha kuukuu, na baharia akinipa kadi ya posta yenye picha ya bandari ya ng'ambo, siku hiyo hata chakula nilikisahau.

Kisha mwenzangu wa shule akanitia wazimu. Alinisimulia kwamba mwaka 1895 posta ya Unguja ilichukua stempu za India ikazipiga chapa ya neno Zanzibar juu yake, na kwamba kwenye baadhi yake herufi moja ilikosewa, pakasomeka Zanzidar. Mwenye stempu hiyo, alisema, ni tajiri. Kuanzia hapo sikutazama tena stempu kwa ajili ya kuijua. Nilitazama kama mtu anayetafuta sarafu mchangani.

Na nyumbani kwetu kulikuwa na kasha la bibi.

Babu alikuwa mtu wa reli. Alianza kazi upande wa Kenya na Uganda, na reli hizo zilipounganishwa na ya Tanganyika mwaka 1948, akawa anahamishwa huku na huku kama gunia la posta lenyewe. Bibi alibaki Tanga na watoto. Barua zilikuja kwa sanduku la mwenye duka wa mtaani, naye ndiye aliyemsomea bibi muhuri wa posta kila bahasha ilipofika: hii imetoka Voi, hii imetoka Tabora. Ndani babu aliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na hizo bibi alizisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari. Ila babu hakuwa na desturi ya kuandika mahali alipo wala tarehe. Alianza kwa salamu, akamaliza kwa salamu, na mengine aliiachia posta imsemee.

Kila jioni ya Idi bibi alizitoa barua zile, akazipanga juu ya mkeka, kila moja ndani ya bahasha yake, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Herufi za kizungu hakuzijua. Alizitambua kwa sura: huu muhuri uliokolea wino, hii bahasha iliyolowa mvua, huu mwandiko wa karani mwenye mkono mzito. Mimi niliyaona hayo kila mwaka na sikuyaona.

Ukafika msiba Pangani. Bibi aliondoka kwa siku tatu. Aliniaga kama alivyozoea, kwa utani wa bibi na mjukuu: "Haya mume wangu, nyumba nakuachia."

Nilifungua kasha mchana wa siku ya pili. Stempu zilinipokea kama karamu: korongo wenye mataji, jahazi katika Ziwa Victoria, simba, Mlima Kilimanjaro, na Mfalme George kwenye kila moja. Zanzidar haikuwemo, na mtu mwenye akili angejua kwamba haiwezi kuwemo kwenye barua za miaka ile. Lakini mkasi ulikuwa mkononi. Barua zenyewe nilizitoa nikazirundika pembeni kwa heshima, nikijiambia kwamba sina nia mbaya, kwamba bibi anachopenda ni maneno ya babu na maneno nayaacha. Nikakata kona za bahasha, nikazitia kwenye beseni. Stempu zenye muhuri mzito nilizitupa kwa sababu zilikuwa "chafu". Nilibakiza zile ambazo wino ulizigusa kidogo tu ukingoni. Bahasha zilizotoboka niliona hazina kazi tena, nikaziwashia jiko la mkaa jioni.

Bibi aliporudi hakunipiga. Alikaa mkekani na rundo la karatasi, akaanza kupanga. Akaweka moja, akaitoa, akaweka nyingine. Baadaye akaniita, akashika albamu yangu, akaelekeza kidole kwenye stempu ya korongo.

"Hii imetoka wapi?"

Sikujua. Tangu mwaka 1935 nchi zetu tatu zilikuwa zikitumia stempu moja, yenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja. Korongo wa Jinja ndiye korongo wa Dodoma ndiye korongo wa Mombasa. Kilichotofautisha barua na barua ni lile duara la wino, lenye jina la mji na tarehe, na hilo ndilo nililolikimbia kwa kuliona uchafu.

"Sijui, bibi."

"Basi, mwanangu. Kalale."

Mwanangu. Ile "mume wangu" haikurudi mpaka Idi iliyofuata, na mkeka wa barua sikuuona ukitandikwa tena.

Miaka minane baadaye niliibeba albamu hiyo hadi Mombasa kwa fundi saa mmoja aliyesifika kwa kukusanya stempu na kadi za zamani. Alizipitia kurasa kwa kibanio, hakugusa stempu hata moja kwa kidole. Akasema ni stempu zilizochapwa kwa wingi mno, zote hazifiki hata bei ya saa mbovu. Kisha akauliza, "Bahasha ziko wapi, kijana?" Nilipomweleza, akavua miwani.

Akafungua kabati lake. Mlikuwa na bahasha nzima nzima, baadhi zimechakaa, za stesheni ndogo ambazo treni ilisimama dakika chache ikaondoka. Bahasha yenye muhuri wa mahali kama hapo, aliniambia, mkusanyaji huitafuta kuliko stempu iliyotakata, kwa kuwa inaonyesha barua ilivyosafiri. Kadi ya posta ni hivyo hivyo. Alinionyesha moja ya Unguja, picha ya studio ya Gomes, ambayo mtu aliibandua stempu kwa mvuke wa birika: maneno nyuma yamechuruzika, picha imejikunja, na kadi haina tena mwanzo wala mwisho. Akanipa mafunzo yake bila kupumzika. Bahasha ya zamani usiikate. Ukipata kipande kilichokwisha katwa, acha karatasi ya kutosha kuzunguka stempu na muhuri wake. Usihifadhi kwenye plastiki ya bei rahisi, hasa huku pwani, maana joto na unyevu huigandisha. Na chapa ya Zanzidar, aliongeza, imeghushiwa na wengi, hivyo anayekuuzia mchunguze mara mbili. Niliyashika yote. Yote yalikuwa yamechelewa.

Bibi alifariki mwaka 1989. Kasha limekuja kwangu. Nimejifunza hati zile za babu kwa ajili ya barua hizo tu, na sasa nami hufuata mstari kwa kidole. Iko moja ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine. Anasema wanakula samaki kila siku mpaka wamechoka, na kwamba amepanda miembe miwili nyuma ya nyumba aliyopewa karibu na stesheni. Ikizaa, anamwambia bibi, utakuja uione. Bibi hakuwahi kwenda. Babu alihamishwa tena.

Nimeilinganisha barua hiyo na kila stempu iliyobaki. Rangi ya doa la gundi kwenye karatasi inaelekea kufanana na ya jahazi moja, ingawa siwezi kuapa. Kwenye ukingo wa jahazi hilo kuna kipande cha muhuri, duara limekatika, na herufi mbili zimesalia: KI. Kwa samaki, inaweza kuwa Kisumu. Inaweza kuwa Kigoma. Reli ilimfikisha kote kuwili, maziwa mawili tofauti, nchi mbili tofauti, na miembe ile, kama haijakatwa, imesimama kwenye moja ya hizo.