Barua Niliyoisoma Nikaisifia

Ukitaka kumjua mvuvi wa Kunduchi, mtazame siku anayonunua chombo. Hatoi hata shilingi kabla hajakizunguka. Atainama chini ya mkuku, atagonga ubao mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio, maana ubao uliooza ndani haulii kama ubao mzima. Atachokonoa kalafati kwa ncha ya kisu aone kama pamba bado imebana. Atauliza fundi ni nani, chombo kiligonga mwamba mara ngapi, na kwa nini kinauzwa. Muuzaji akiwa shemeji yake, atauliza vilevile.

Mdogo wangu ni mvuvi wa namna hiyo. Mwaka 2017 aliuza mashine ya boti yake akalipia chuo ambacho hakukigonga hata ubao mmoja. Na mimi nilikuwapo. Ndiyo maana ninaandika, kwa ridhaa yake na ya binti yake.

Binti alimaliza kidato cha nne mwaka 2016, mwaka uleule ada ilipoondolewa katika sekondari za serikali. Matokeo yalitoka mwishoni mwa Januari. Alipata daraja la nne: D ya Biolojia, D ya Kiswahili, Jiografia na Uraia, na F ya Kemia. Hakuwa mvivu. Mama yake anaponda kokoto machimboni Mtongani, na kuna wiki mtoto alikuwa akitoka shule anakwenda kumsaidia kujaza ndoo kabla gari la mteja halijafika. Tangu utotoni alisema atakuwa muuguzi.

Wiki mbili baadaye akatokea kijana nadhifu pale kituoni Mtongani akigawa vipeperushi. Uuguzi, famasi, maabara, ualimu wa awali, uhazili, hoteli, vyote katika chuo kimoja. Binti akampa nakala ya matokeo yake. Siku ya tatu barua ikafika: amechaguliwa kusomea uuguzi.

Aliniletea mwenyewe jioni, amefunga kanga kiunoni, mikono bado ina harufu ya samaki.

"Shikamoo baba mkubwa. Baba kasema unisomee, imeandikwa Kiingereza."

"Marahaba mwanangu. Ilete."

Niliisoma yote. Karatasi ilikuwa nzito, juu ina nembo ya rangi mbili, chini saini na muhuri mwekundu. Ilitaja ada ya shilingi laki nane kwa mwaka, sare jozi mbili, kipimajoto, na daftari kubwa sita. Nikamwambia, "Barua nzuri. Hongera." Mimi ndiye msomi wa ukoo wetu, nimefundisha shule ya msingi miaka mingi. Nikishasema barua ni nzuri, nani nyumbani atauliza tena? Macho yangu yalikuwa kwenye muhuri. F ya Kemia niliiona, nikaipita.

Hapo ndipo palipovuja. Kozi za uuguzi nchini zina masharti ya kuingia, na ufaulu wa Kemia ni mojawapo. Chuo kinachompokea mwenye F ya Kemia bila hata kumwita kwa maswali hakijamwonea huruma. Hakina wa kumwogopa, kwa kuwa hakimo kwenye daftari la mtu yeyote anayekagua.

Tulikwenda wote watatu kulipa. Chuo kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukutani, nyuma ya meza ya mapokezi, palitundikwa fremu tatu za kioo: cheti cha BRELA, namba ya mlipakodi, na leseni ya biashara ya manispaa. Mdogo wangu alisimama mbele ya zile fremu kwa heshima kama aliyeingia msikitini. Nami nikaridhika. Leo ningesimama palepale nikauliza: cha nne kiko wapi? Cheti cha BRELA kinasema kampuni ipo. Leseni inasema inaruhusiwa kufanya biashara. Hakuna hata karatasi moja kati ya zile tatu iliyosema watu hawa wanaruhusiwa kufundisha. Ruhusa hiyo hutoka kwa baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, wakati huo likiitwa NACTE. Tangu 2021 linaitwa NACTVET, nalo sasa linasimamia pia vyuo vya ufundi stadi. Ofisi za baraza hilo siku zile zilikuwa Mikocheni. Kutoka kwetu ni kupanda daladala asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri, na barua yako mkononi imeshapata jibu.

Wala kuuliza kama chuo kimesajiliwa hakutoshi, na hapa wengi wanaojiona waangalifu huanguka. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali kwa kozi za biashara, kisha kikabandika uuguzi kwenye kipeperushi bila ithibati ya kozi hiyo. Kwa hiyo unauliza chuo, halafu unauliza kozi, halafu unauliza ngazi: ni astashahada au stashahada, NTA ya ngapi? Kila mwaka baraza hutoa mwongozo wa udahili. Upo kwenye tovuti yao, kuusoma ni bure, na unaonyesha chuo, kozi zake na alama zinazotakiwa. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kuufungua akiwa amekaa barazani kwao.

Ile mashine aliyoiuza mdogo wangu ilikuwa Yamaha ya farasi kumi na tano. Asiyeijua pwani hataelewa aliuza nini. Wavuvi wanaporudi pwani asubuhi, baada ya kutoa gharama ya mafuta, barafu na chakula, pesa ya mnada hugawanywa kwa mafungu. Chombo kina fungu lake, mashine ina fungu lake, nyavu zina fungu lake, ndipo mabaharia wapate yao. Mdogo wangu alikuwa akichukua fungu juu ya fungu. Alipouza mashine, boti ikabaki mchangani ikipasuka kwa jua, naye akaingia chombo cha mtu mwingine kama baharia. Akabakiwa na fungu moja. Mashine yake aliinunua jirani, na mpaka leo, ikipita alfajiri, anaitambua kwa mlio wake kabla hajaiona.

Binti alisoma mwaka mzima na miezi mitatu. Walinakili maelezo kutoka ubaoni. Kila muhula waliahidiwa kupelekwa hospitali kwa mafunzo ya vitendo, na kila muhula hospitali "ilikuwa imejaa". Siku moja kwenye daladala alikaa kando ya msichana aliyevaa sare nyeupe kama yake. Wakasalimiana kama watu wa kazi moja. Yule akamuuliza, "Nyie mtihani wa wizara mmepangiwa lini?" Binti yetu hakuwahi kusikia habari ya mtihani wa wizara. Alishuka kituo ambacho si chake, akasimama pale muda mrefu.

Aliporudi nyumbani hakumwambia baba yake. Aliniambia mimi. Kesho yake nilikwenda Mikocheni, safari niliyopaswa kuifanya mwaka mmoja na miezi mitatu kabla. Mama mmoja wa pale alitafuta jina la chuo, akatafuta tena kwa tahajia nyingine, akanigeuzia kioo cha kompyuta nijionee mwenyewe kwamba halipo. Kabla mwezi haujaisha mlango wa ghorofa ya pili ulikuwa na kufuli, na fremu zimeondoka pamoja na watu wao. Hata kama angemaliza, Baraza la Uuguzi na Ukunga lisingemwandikisha, na bila kuandikishwa huwezi kumgusa mgonjwa kihalali.

Nimewaza sana kwa nini hatukuuliza. Si kwamba tulikosa vyuo vya kuvitazama. Kunduchi tumezungukwa na elimu: TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, iko hapa, kituo cha bahari cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko hapa, na tangu 2012 Chuo cha Taifa cha Ulinzi kiko hapa. Wazee wanakumbuka chuo cha uvuvi kilichokuwa Kunduchi penyewe. Ukiifuata barabara ya Bagamoyo utafika chuo cha Mbegani, kilichojengwa kwa msaada wa Norway na sasa kiko chini ya FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi. Chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe kipo, upande wa Temeke, na ushonaji au upishi haudai Kemia. Lakini mzazi aliyelala baharini miaka thelathini hataki kusikia mwanawe anakwenda kusomea samaki au cherehani. Anataka sare nyeupe. Ninamwelewa, nami nilitaka hivyohivyo. Kutaka kwetu ndiko kulikotufunga mdomo. Tuliogopa kuuliza swali ambalo jibu lake lingetunyang'anya ile hongera.

Binti alirudia mtihani wa Kemia kama mtahiniwa binafsi mara moja, hakufaulu. Alikwenda Chang'ombe akasomea ushonaji. Ana cherehani mbili sasa, moja ya miguu na moja ya umeme, kwenye kibanda karibu na mnada. Sare zake nyeupe hakuzitupa wala hakuzikata. Zimekunjwa ndani ya sanduku la mama yake, na hakuna anayemuuliza.

Watu wa Mtongani na Kunduchi Pwani wakipata barua ya chuo siku hizi hawaniletei mimi. Wanampelekea yeye. Mwezi uliopita nilimkuta na baba mmoja mchuuzi wa samaki, amekuja na mwanawe wa kiume na bahasha ya kaki. Alikuwa amekwisha tanguliza nusu ya ada kwa simu. Binti alisimamisha cherehani, akafuta mikono kwa kitambaa, akaichukua ile barua. Nembo hakuitazama. Aliigeuza kifudifudi juu ya meza, akamgeukia kijana.

"Kemia ulipata ngapi, mdogo wangu?"

Kijana akamtazama baba yake.