Askofu Aliponyamaza

Tuseme kijana wa Lamu anasomea historia Riyadh na tasnifu yake inahusu Vita vya Msalaba. Ameisoma tarikhi ya William, askofu mkuu wa Tyre na mtunza hati wa ufalme wa Yerusalemu, akitafuta habari za Wazungu kuvamia Bahari ya Shamu. Hakuna hata neno. Basi anaandika kwamba uvamizi ule ni uzushi wa Waarabu waliotaka kumpamba Salahuddin.

Ustadhi wake anamrudishia karatasi. “Mwanangu, William alikuwa Tyre. Waliochomewa vyombo walikuwa bandari ya Aydhab. Umewauliza wao?”

Kijana hakuwauliza. Kumbe majira ya baridi ya 1182 kuingia 1183, Renaud de Châtillon, bwana wa Kerak, aliunda merikebu zikabebwa vipande vipande kwa ngamia mpaka ghuba ya Aqaba. Zilichoma majahazi ya Aydhab, zikakamata chombo cha mahujaji kilichotoka Jeddah, mpaka amiri Lu'lu' alipozifuata kutoka Misri na kuwanasa watu wa Renaud pwani ya Hijazi. Upande wa Wakristo, tarikhi inayohusishwa na Ernoul inagusia tu kwamba merikebu ziliundwa ili kujua watu wa bahari ile, zikaenda, zisisikike tena.

Hapo kijana anageuka mzimamzima, na mtego wa pili ndio mbaya zaidi. Anamshika Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia, na kumnukuu kama Msahafu. Ibn Jubayr aliwaona kwa macho yake mateka wakiingizwa Aleksandria juu ya ngamia, nyuso zimeelekezwa mkiani, ngoma na mabaragumu yakilia. Kwamba walikusudia kulifukua kaburi la Mtume, hilo alilisikia kwa watu mjini. Kijana ameyatia yote mawili katika sentensi moja, kana kwamba yana uzito sawa.

Tena, kwa haraka ya kubadili tarehe, mwaka 578 wa Hijria ameugeuza kuwa 1182. Mwaka ule ulianza Mei 1182 ukaisha Aprili 1183, na Ibn Jubayr aliingia Aleksandria mwishoni mwa Dhulkaada, mwezi wa kumi na moja, yaani Machi 1183. Kwa hesabu ya kijana, mateka wanatembezwa mjini kabla uvamizi haujamalizika!

Ustadhi hakumfokea. Alimtuma asome kwanza kurasa za Jeddah, alikofika Ibn Jubayr kiangazi cha mwaka huo huo: vibanda vya makuti, nyumba za wageni za mawe, na mahujaji kutakiwa wadhaminiane hadi fedha na nafaka za Salahuddin zimfikie amiri wa Makka, fidia ya ushuru ambao Salahuddin alikuwa ameufuta. Msafiri anawalaani watu wa Hijazi kwa ukali, na kumsifu Salahuddin bila kiasi. Shahidi wa namna hiyo hatupwi, ila ukimnukuu juu ya ushindi wa Salahuddin, sharti umwambie msomaji alikuwa upande gani.