Marehemu Aliingia Kazini Saa 1:32

Jumanne moja asubuhi niligundua kwamba marehemu yuko kazini. Kompyuta iliyokuwa mbele yangu ilionyesha amefungua akaunti yake saa 1:32, ametoa matairi 40 kwa gari la Morogoro, kisha amesahihisha hesabu ya mzigo wa jana yake. Alikuwa na miezi 14 kaburini. Wenzangu ofisini walishanisimulia walivyokodi Coaster kwenda kumzika Kinondoni, na jinsi mvua ilivyowanyeshea.

Nilikuwa nimepata kazi ya miezi mitatu katika kampuni moja yenye maghala Temeke, nijazie ada ya shahada ya uzamili. Kazi ilielezwa kwa sentensi moja: kila akaunti ya kompyuta iunganishwe na mfanyakazi mmoja aliye hai na anayejulikana na ofisi ya rasilimali watu. Kampuni ilikuwa inahamia kwenye mfumo mpya wa utambulisho. Katika mfumo wa namna hiyo, mtu akiajiriwa akaunti yake inafunguka, akihamishwa idara ruhusa zake zinabadilika, akiondoka inafungwa siku hiyohiyo. Yote hayo yanategemea uzi mmoja kati ya orodha mbili: orodha ya wanaolipwa mshahara na orodha ya wanaoingia kwenye kompyuta. Uzi huo ndio niliopewa niufunge, akaunti moja baada ya nyingine. Zilikuwa 312.

Anayedhani hiyo ni kazi ya kubofya tu hajakutana na majina yetu. Orodha moja ina Hamisi, nyingine ina Khamis. Abdallah anapoteza herufi njiani. Mwanaidi wa mshahara ni Mwanaid wa kompyuta. Yuko Juma Hamisi, yuko na Hamisi Juma, na wote wawili ni madereva. Dada aliyeolewa ana jina la mume upande huu na jina la baba upande ule. Ndiyo maana mafundi hawaamini majina. Wanaunganisha kwa namba ya mfanyakazi, ambayo haibadiliki na haigawiwi watu wawili. Mwisho wa wiki ya pili nilibaki na akaunti tisa zisizo na mwenyewe. Kwa lugha ya kazi hizo ni akaunti yatima. Nane zilikuwa zimelala. Ya tisa ilikuwa ya marehemu, na haikukosa kazini hata siku moja.

Nilishuka ghalani. Kwenye kompyuta ya marehemu alikuwa amekaa dada wa miaka arobaini hivi, kanga kiunoni, miwani yenye mkono uliofungwa kwa uzi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye kioo. Nikamuuliza ile akaunti ni ya nani.

"Ya Mzee," alisema. "Alinipa paswedi mwenyewe alipoanza kuugua. Aliiandika hapa." Akafungua kaunta buku na kunionyesha ndani ya jalada la nyuma, mwandiko wa kalamu nyekundu uliokwisha kufifia.

"Na yako, dada, iko wapi?"

Hapo akanitazama. "Mimi ni kibarua, mdogo wangu. Kibarua ana akaunti?"

Alikuwa na miaka minne pale. Alilipwa kila wiki, fedha mkononi, kwenye karatasi iliyoandikwa "vibarua, ghala" na idadi ya vichwa. Madereva walimwita kwa sauti tangu getini, kwa sababu bila yeye mzigo hautoki. Alijua tairi gani iko rafu ipi kuliko mtu yeyote mwenye namba.

Nchi yetu ina neno kwa upande mmoja wa tatizo hili. Machi 2016 Rais John Magufuli aliwaagiza wakuu wa mikoa wawasake watumishi hewa, na kufikia Mei mwaka huo Serikali ilikuwa imetangaza zaidi ya 10,000. Ukafuata uhakiki wa vyeti. Tarehe 28 Aprili 2017, Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais alikabidhiwa ripoti yenye watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Katika ripoti ileile kulikuwa na jambo ambalo watu wengi wamelisahau: vyeti 1,538 vilikuwa vinatumiwa na watumishi 3,076. Yaani cheti kimoja, watu wawili, kila mmoja kazini kwake.

Tangu hapo kumfunga mtu na namba kumekuwa sehemu ya maisha yetu. Mwishoni mwa 2019 hadi Januari 2020 tulipanga foleni za alama za vidole ili laini za simu ziunganishwe na namba ya NIDA, tarakimu 20 zinazoanza na tarehe yako ya kuzaliwa. Sibezi kazi hiyo. Mimi mwenyewe nimeila mkate wake. Mshahara wa mtumishi hewa ni dawa iliyokosekana kwenye zahanati. Akaunti isiyo na mwenyewe ni mlango ulioachwa wazi usiku. Mwizi akipita, hakuna wa kuulizwa.

Lakini mtumishi hewa ni jina lisilo na mtu. Yule dada alikuwa kinyume chake: mtu asiye na jina. Kwa huyu hatujatunga neno, na sijasikia mkuu wa mkoa aliyeagizwa amsake.

Nilimpelekea meneja habari nikiamini nimeleta na dawa yake: asajiliwe, apewe namba, aunganishwe. Alinisikiliza kwa upole. Akasema nafasi mpya haimo kwenye bajeti, na kwamba kazi yangu ni akaunti, si ajira. "Funga tu." Nilimwomba jambo moja, akakubali: tuifunge, tusiifute. Akaunti ikifutwa, kumbukumbu za nyuma zinaweza kubaki na namba ndefu ambayo hakuna anayejua ilikuwa ya nani. Ikifungwa, haiingiliki tena, lakini kilichofanyika kinasomeka. Ijumaa saa 11 jioni nilibofya. Ripoti yangu ikasema akaunti zote zimeunganishwa au zimefungwa, asilimia 100. Nilisifiwa kikaoni.

Jumatatu malori yalijipanga hadi barabarani. Ilipofika saa 4 msimamizi wa ghala alimwazima yule dada akaunti yake mwenyewe, na malori yakaondoka. Mfumo haukulalamika. Uzi wangu ulikuwa safi: akaunti hai, mfanyakazi hai, namba sahihi. Ila jasho la mmoja lilikuwa linaandikwa kwa jina la mwingine, na safari hii hapakuwa na marehemu wa kutushtua.

Baada ya wiki tatu matairi 26 hayakuonekana. Hesabu ilirudishwa nyuma hadi kwenye miezi ya akaunti iliyofungwa. Marehemu hahojiwi. Msimamizi hakusita: "Aliyekuwa anaitumia ni yule kibarua." Ghafla kila mtu alilijua jina lake, yote matatu. Meneja ambaye hakuwa na nafasi ya kuliandika kwenye orodha ya wafanyakazi alipata nafasi ya kuliandika kwenye taarifa ya upotevu. Siku hiyohiyo dada aliambiwa asirudi. Kumbukumbu nilizoziona hazikuonyesha kwamba amechukua chochote. Funguo za ghala zilikuwa na watu watatu, na yeye hakuwa mmoja wao.

Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Si kwamba mfumo ulishindwa kumtambua. Walipotaka kumtambua, walimtambua kwa dakika tano.

John Locke, katika sura aliyoiongeza kwenye chapa ya pili ya kitabu chake kuhusu akili ya binadamu, mwaka 1694, anasema kwamba "mtu" ni neno la kisheria: kazi yake ni kuyafunga matendo na stahili zake, nzuri na mbaya, kwa aliyeyatenda. Nilipoisoma sura hiyo darasani Mlimani niliiona kama mazoezi ya watu wenye muda. Ghalani nikaielewa. Uzi unaofungwa kati ya akaunti na mfanyakazi ni uzi wa Locke kwa umbo la jedwali. Unabeba lawama, na unabeba stahili, na hauwezi kukatwa kwa urefu ili mmoja abaki na nusu moja. Anayetaka haki ya kumuuliza mtu "Kwa nini matairi yamepungua?" lazima kwanza awe amekubali kwamba yaliyotoka salama miaka minne yalitoka mikononi mwa mtu huyohuyo. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulimnyonga, tukabaki na haki yake.

Kuna atakayesema dada alikosea kutumia nenosiri la mtu mwingine. Kwa kanuni, alikosea. Lakini kanuni hiyo inamtaka atumie la kwake, na la kwake hakupewa, wakati kazi isiyofanyika bila nenosiri alipewa kila asubuhi. Kuvunja kanuni ndiko kulikokuwa kumeandikwa kwenye kazi yake, ingawa hakuna aliyeandika.

Sheria, kwa mshangao wangu, ilikuwa imeshaliona hili. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 hakianzi kwa kuuliza mkataba uko wapi. Kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya kadhaa kinayoyataja: saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi yule anayemfanyia kazi, amepewa vitendea kazi. Dada alikuwa anazimaliza saa 45 kwa wiki moja. Sheria inasoma kazi, mfumo unasoma karatasi. Na ushahidi wa kazi hiyo ulikuwa umejiandika wenyewe, saa 1:32, saa 1:29, saa 1:35, miezi 14, kwa jina la mtu aliyelala Kinondoni.

Sasa nije kwangu. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Nililijua hilo mapema. Rafiki yangu anayesoma sheria alinieleza wiki ileile dada alipofukuzwa, tukila chipsi mayai. Na mimi ndiye mtu pekee nje ya uongozi niliyejua kuwa kumbukumbu zile zipo na hazijafutwa. Lakini mkataba wangu ulikuwa na mwezi umebaki, na mwishoni nilitarajia barua ya meneja ya kuambatisha kwenye maombi ya kazi. Nikajiambia mimi ni fundi, yanayohusu ajira yana wenyewe. Nikajiambia namba ya simu ya dada sina. Ghala zima lilikuwa nayo.

Barua niliipata. Inasema mimi ni mtu makini na mwaminifu.

Nimekuwa nikijiuliza kama aliyefunga uzi anawajibika kwa kilichoning'inizwa juu yake. Zamani ningejibu hapana. Sasa naona kwamba kumuunganisha mtu na akaunti ni kutoa ushahidi: unasema, "Huyu ndiye." Kusema asilimia 100 huku ukijua kuna mmoja uliyemwacha nje ni ushahidi wa uongo, hata kama kila mstari wa ripoti ni wa kweli.

Nilikutana naye soko la Tandika, siku 52 baada ya kufukuzwa. Alikuwa anapanga nyanya kwa mafungu. Yeye ndiye aliyeniita. Mimi nilikuwa nimeshageuza njia. Aliniuliza kuhusu masomo, akaniuliza kama Mzee bado anaingia kazini, tukacheka kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini.

"Mdogo wangu, ile kompyuta inajua kwamba nilikuwepo?"

"Inajua kuna mtu alikuwepo, dada."

"Basi waambie ni mimi."

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayompa mtu haki ya kuomba taarifa zake zilizo mikononi mwa wengine. Lakini taarifa za dada si zake, kwa macho ya mfumo. Ni za marehemu. Karibu na meza ile hakuna kamera. Hakuna kinachoweza kuunganisha mikono yake na saa 1:32 isipokuwa mtu aliyeshuka ghalani siku ile na kumkuta amekaa pale.

Sikuondoka na karatasi za kampuni, wala sikutakiwa kuondoka nazo. Niliondoka na nilichokiona. Nimekiandika kurasa mbili: siku, saa, kaunta buku, kalamu nyekundu, alichonijibu, na kwamba akaunti ilifungwa bila kufutwa, hivyo Tume ikitaka kumbukumbu zake inaweza kuziagiza. Chini nimeweka majina yangu matatu, namba ya simu na sahihi.

Tunakwenda Jumatatu. Siku 30 zimepita, kwa hiyo itabidi aanze kwa kuomba kuongezewa muda, na ombi hilo linataka sababu ya kuchelewa. Sehemu ya sababu ni mimi. Nimeiandika hivyo.