Ukarabati wa Mashua na Swali la Kubaki Kilekile

Swali la iwapo kitu kilichobadilishwa sehemu zake hubaki kuwa kilekile lilielezwa na Plutarch katika habari za Theseus, ambaye merikebu yake Waathene waliihifadhi kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mpya. Mwaka 1655 Thomas Hobbes akaongeza ugumu, akiuliza ni ipi iliyo halisi endapo mbao kuukuu zitakusanywa na kuundwa upya.

Mashua ya alumini yenye kitako bapa, inayotumika sana katika mito na vinamasi vya kusini mwa Marekani, hulikaza swali hilo, kwa kuwa bati lake hukingwa na utando wa oksidi, yaani muungano wa metali na oksijeni, hivyo haliozi kama mbao za merikebu ile. Kinachooza ni ubao wa tezi unaobeba mashine, na zinazolegea ni ribiti, yaani pini fupi zinazofunga mabati. Mkarabati mwenye fedha kidogo hukaza ribiti zilezile kwa nyundo na kubadilisha ubao peke yake, akiepuka mbao zilizotiwa dawa ya shaba, ambayo huila alumini penye unyevu.

Wafuasi wa Aristotle hujibu kwa umbo, yaani mpangilio unaokifanya kitu kiwe hicho kilivyo; lakini jibu hilo halitoshi, maana mashua mpya ya muundo uleule ina umbo hilohilo, na bado si ile. Kilicho na uzito zaidi ni historia isiyokatika, na uhaba wa fedha, unaodhaniwa kuwa kasoro tu, ndio unaomlazimu mkarabati kuuliza, kabla ya kila badiliko, kama sehemu iliyopo kweli imekwisha kazi, na hivyo kuilinda historia hiyo.