Ramadhani 22: Rangi inayokolea



Katika Suratul Baqara, aya ya 138, dini ya Allah imepewa jina ambalo fundi wa nguo wa Kiarabu akilisikia anajua mara moja linahusu kazi yake: sibgha, yaani rangi, ile ya kutilia nguo. Ukienda Suratul Mu'minuun, aya ya 20, utakutana na ndugu yake, sibgh, ila pale maana yake ni kitoweo. Ni mafuta ya zeituni, mlaji anachovya mkate wake. Basi mzizi wa neno ni mmoja: kuchovya. Na sisi tunajua kuchovya. Kipande cha mkate ukikitia kwenye mchuzi wa nazi hakipakwi juu tu, mchuzi unaingia ndani mpaka huwezi tena kuutenganisha na mkate. (Wanaosoma hii alasiri na saumu yao, mnisamehe.)

Wapo wafasiri waliosema dini imeitwa rangi kwa sababu athari yake huonekana kwa mtu kama rangi inavyoonekana kwenye nguo. Wapo waliosema ni jibu kwa desturi ya Manasara ya kuwatia watoto wao majini. Kauli zote mbili zimo vitabuni na hazigongani.

Nimeichagua aya hii leo kwa mambo mawili. La kwanza, watoto wetu wa madrasa wiki hii wanajifunza kutengeneza wino wa asili, na kina mama wanawaonyesha namna ya kutia rangi ukindu na vitambaa. La pili ni zito kidogo. Juzi baada ya tarawehe, pale mlangoni tunapovulia viatu, mtu mzima mmoja alimwambia kijana mbele ya wenzake: "Nyie wa Ramadhani mmeshafika, haya, tutaonana mwakani." Watu wakacheka. Kijana naye akacheka. Jana usiku sikumwona.

Nianze na wino. Masizi ya koroboi yanakingwa kwa sahani, yanachekechwa, yanasagwa na maji ya gundi ya mgunga. Watoto walishangaa kuona masizi hayataki maji, yanaelea juu kama yamegoma. Lazima uyakande na gundi polepole, na mkono uchoke. Bila gundi unaweza kuandika, lakini yakikauka ukipuliza yanaruka. Waarabu wanauita wino wa namna hii midad, na ndilo neno lililotumika mwisho wa Suratul Kahf, aya ya 109, pale bahari inapofananishwa na wino wa kuandikia maneno ya Mola wetu, na bahari ikaisha kabla. Kuna wino wa pili, hibr, wa chumvi ya chuma na maji ya vitu vikali kama vile magamba ya miti. Huo hauketi juu, unauma karatasi, na ukizidi ukali baada ya miaka unaitoboa. Mafundi wetu wa zamani walilijua hilo vizuri. Kuna kitabu kizima cha wino na ufundi wa vitabu, Umdat al-Kuttab, kinachonasibishwa na al-Muizz bin Badis, mtawala wa Kairouan katika karne ya 11.

Na hapa kwetu pwani msidhani tulikuwa wasomaji tu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, watu waliandika misahafu kwa mkono katika karne ya 18 na ya 19, kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na mapambo ya pembeni yanayopendeza macho. Baadhi ya misahafu hiyo ipo mpaka leo na inasomeka. Watoto walipoambiwa hivyo waliviangalia vidau vyao kwa heshima mpya kabisa.

Wino wa masizi ukiuandikia kwenye ubao wa chuo unaosheka kwa maji, na ndiyo faida yake. Mtoto akishahifadhi, ubao unaoshwa, anaandikiwa somo jingine. Sasa nguo ni kinyume chake. Nguo tunataka isioshike.

Kosa la wengi wanaoanza kazi ya rangi ni kukimbilia rangi. Wanachemsha manjano, wanatumbukiza kitambaa kipya cha dukani, kinatoka kinawaka kama jua. Siku chache kwenye kamba, jua limekula chote. Na ukikifua kwa sabuni manjano yale yanageuka mekundu papo hapo, watoto walipiga kelele. Manjano ni rangi ya haraka, inafurahisha siku ya kwanza. Wanaojua kazi huanza mbali: kwanza kitambaa kinachemshwa kwa sabuni kitoke wanga na mafuta ya kiwandani, maana kitambaa kichafu kinapokea rangi kwa madoa. Kisha kinalowekwa kwenye maji ya magamba ya mkoko, kisha shabu, kama gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu. Shabu haina rangi yoyote, ukiitazama ni maji tu. Lakini ndiyo inayoishika rangi isitoke. Baada ya hapo hata maganda ya vitunguu maji yanakupa rangi ya kukaa.

Sitaki kugeuza kila sufuria kuwa mawaidha. Ila angalieni dua ya kufungulia sala aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.), iliyomo kwa Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) anamuomba Mola amsafishe makosa kama nguo nyeupe inavyosafishwa uchafu. Kusafishwa kumetangulia, hata Fatiha bado. Istighfari za usiku huu, ambazo hakuna anayeziona, ziko mahali pa sabuni na shabu.

Sasa nirudi mlangoni. Rangi ya nili ina tabia ya ajabu. Kule Kano, Nigeria, kwenye mashimo ya Kofar Mata, Waislamu wenzetu wa Kihausa bado wanaifanya kazi hii. Nguo ikitolewa shimoni haitoki bluu. Inatoka kijani cha kunyauka, na mgeni aliyesimama pale anaweza kusema haikushika kitu. Hewa ikiipiga ndipo inageuka bluu mbele ya macho yako. Na mchovyo mmoja hutoa bluu hafifu tu. Ukitaka iliyokolea huiachi nguo humo siku nzima, unaichovya, unaitoa ipigwe na hewa, unairudisha, tena na tena. Nani kati yetu alikolea kwa mchovyo mmoja? Bibi Aisha (r.a.) ametupokelea kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile ya kudumu, hata ikiwa ndogo. Kijana anayekuja Ramadhani peke yake amechovywa mara moja, ni kweli. Bluu hafifu ni bluu. Na wewe umemhukumu mlangoni, ametoka shimoni sasa hivi, hewa haijamgusa.

Wewe uliyesema, najua unasoma darsa hizi na sitakutaja. Nyumba yao unaijua. Usiku wa leo ni wa 23, witiri. Kabla ya magharibi mpitie, mtake radhi, mfuturu pamoja, na isha uje naye, msimame safu moja. Usimtumie ujumbe wa simu. Nenda kwa miguu yako.

Waliokuwa wanauliza kuhusu Jumamosi: tunaanza baada ya alasiri, nyuma ya madrasa. Ukindu tutautia weusi kwa mizizi ya mdaa na wekundu wa udongo kwa magamba ya mkoko, ili miswala ya mstari wa nyuma ipate kubadilishwa kabla ya Idi. Magamba tutatumia ya magogo yaliyokwisha kukatwa, mtu asiende kuchuna mikoko iliyo hai. Mje na nguo kuukuu, glavu kwa wenye ngozi nyepesi, na sufuria ambayo hamtaipikia tena. Ya shabu haipikiwi, jamani, mwaka jana mtu alitaka kuirudisha jikoni.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.