Ua Lenye Akiba

Neno: Mathayo 25:1-13



Nilipohamia hapa Mulot nilitaka boma la mchungaji lipendeze. Nikanunua miche ya waridi Kericho, nikaipanda mbele ya nyumba. Kiangazi kilipofika, maua peke yake yalikunywa mitungi mitatu ya maji kwa siku. Mimi nilisomea biashara, nikapiga hesabu: mtungi shilingi 20, mwezi shilingi 1,800. Halafu nikasafiri wiki moja kwa semina. Kurudi, waridi zote zimekauka.

Lakini kando ya fensi shubiri, ile wazee wetu huita tangaratwet, ilikuwa imesimamisha maua mekundu, na ndege wanafyonza. Hakuna aliyewahi kuimwagilia hata kikombe. Siri yake ni hii: mvua ikinyesha, inajaza maji kwenye yale majani manene. Jua likiwaka, inatumia akiba.

Wale wanawali kumi, wote walikuwa na taa. Wote walisinzia. Tofauti ilikuwa akiba tu, na usiku wa manane haikuazimika.

Sasa niseme ukweli. Kiangazi kilekile mama yangu alilazwa. Usiku akanishika mkono: "Niombee, mwanangu." Nikafungua kinywa, sikupata neno. Miezi mingi nilikuwa nasoma Biblia ili nihubiri, si ili nile mwenyewe. Yaani mimi ndiye nilikuwa waridi, nachanua Jumapili kwa maji ya kuletewa. Mama mwenyewe akaanza kuomba, tena akaniombea mimi.

Mpendwa, kama leo kwako mvua inanyesha, jaza majani. Sura moja asubuhi kabla ya kushika simu. Maombi na watoto kabla ya kulala. Usingoje hospitali ikufundishe kuomba.

Na wiki hii panda shubiri. Omba chipukizi kwa jirani; usiing'oe porini, kwa maana za porini zinalindwa na sheria. Iache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, kisha ipande penye jua, pasipotuama maji. Usiimwagilie sana, itaoza. Kila ukipita hapo jiulize: mimi nimeweka nini?

Bwana, tufundishe kuweka akiba ya neno lako wakati wa mvua. Amina.