JE, MWANDISHI ANA HAKI YA KUTUTISHA?

Ndugu msomaji, nianze kwa kuungama. Mimi ni mgonjwa wa vitabu vya kutisha. Tulipokuwa kidato cha nne wenzangu waligombania vitabu vya mapenzi, mimi nikagombania vya mizimu, mauaji na majini. Hata leo, miaka minne tangu nimalize shule, nikirudi Nshambya jioni kutoka dukani kwa mjomba ninakomsaidia kuuza, kitu cha kwanza ni kula, cha pili ni kitabu. Umeme ukikatika nawasha tochi ya simu. Mama husema nitakuja kuwa na macho mekundu kama mchawi. Neno hilo la macho mekundu lishike, msomaji. Tutalirudia.

Miezi ya karibuni nimesoma vitabu kadhaa vya aina hiyo, vipya kwangu ingawa vingine ni vikongwe. Nataka nivitolee maoni bila kuficha, halafu niulize swali ambalo kwa kweli linaninyima usingizi kuliko mizimu yote iliyomo humo.

Nilianza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958. Humo yumo Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum anayeuliza maswali ambayo sisi wasomaji tungeuliza. Nisifiche: Bwana Msa wakati mwingine ananiudhi. Anajua mno. Anakaa na siri kifuani kurasa na kurasa huku sisi tunahangaika. Lakini kuna jambo moja nalipenda sana. Mtu kauawa, na mahali penyewe panaogopwa kwa ajili ya mzimu. Ingekuwa rahisi kusema mzimu umekasirika, yakaisha. Bwana Msa hakubali. Anamtafuta binadamu. Kisima cha Giningi cha mwaka 1968 ni hivyo hivyo. Giningi, kwa hadithi za Visiwani, ndiko nyumbani kwa wachawi, lakini ukifika mwisho wa kitabu unakuta ni watu tu, tena watu wenye tamaa za kawaida kabisa.

Kisha nikasoma Mirathi ya Hatari cha C.G. Mung'ong'o, cha mwaka 1977. Hiki si mchezo. Kijana msomi anarithishwa uchawi na baba yake, na ndani ya kitabu uchawi huo si porojo za wajinga. Upo, unafanya kazi, una masharti na unadai. Nilikisoma usiku mmoja na kesho yake niliogopa kupita kwenye migomba kabla jua halijatoka. Kama kazi ya kitabu cha kutisha ni kutisha, basi hiki kimefaulu kuliko vya Bwana Msa. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kugawanyika.

Cha tatu kilikuwa Dracula cha Bram Stoker, cha mwaka 1897. Kiingereza chake kilinitoa jasho. Sehemu ya mwanzo, yule kijana akiwa mfungwa katika ngome ya bwana mnyonya damu, ni tamu ajabu. Katikati kinachosha, barua juu ya barua. Lakini niligundua kitu. Niliogopa nikiwa nasoma, nilipofunga kitabu woga ukaisha. Kwa nini? Kwa sababu hapa Nshambya hatuna mabwana wa ngome. Hakuna jirani yangu hata mmoja anayefanana na Dracula.

Nikamalizia na viwili ambavyo wengine hawavihesabu katika fungu hili. Nagona cha Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika ziwa letu hili hili, kilitoka mwaka 1990. Ni chembamba, nimekisoma mara mbili, na sioni aibu kusema kuna kurasa bado hazijanifungukia. Kinaogofya kama ndoto, lakini hakikuachii mtu wa kumchukia. Na Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952: ndugu wawili waliomsaliti Adili wamegeuzwa manyani, naye kwa amri ya jini anapaswa kuwapiga kila usiku. Anawapiga huku roho inamuuma. Mahubiri ya Shaaban Robert ni mengi kwangu mimi kijana, ila picha hiyo sijaisahau. Zimwi lake ni ndugu yake.

Basi, maoni yangu ndiyo hayo. Sasa nije kwenye swali.

Mimi mwenyewe naandika. Nina madaftari matatu makubwa ya riwaya ambayo nilidhani ingenitoa kimaisha. Mchawi wake ni kikongwe niliyembatiza jina la Mamakiza, anayeishi peke yake nyuma ya migomba, mwenye macho mekundu yanayowaka gizani. Sikuyabuni macho yale. Niliyachukua kwa bibi jirani yetu, ambaye nikiwa mdogo alikuwa akiniita jikoni kwake kunipa ndizi ya kuchoma. Jiko lake halina dirisha. Ameketi katika moshi wa kuni zaidi ya miaka sitini. Nilijua kabisa sababu ya macho yake, nikaiacha, nikachukua wekundu peke yake kwa kuwa unapendeza kwenye hadithi.

Nikamwazima binamu yangu daftari la kwanza. Akawa akiwasomea watoto wa jirani usiku. Walifurahi, wakapiga makelele, wakaomba tena. Nikavimba kichwa. Haikupita wiki mbili yule bibi akaja kwetu, amejifunga kanga, ndoo ya plastiki mkononi ina ufa. Akamsalimu mama, akakaa, akauliza kwa upole, "Waitu, hivi Mamakiza ni nani? Watoto wananiita hivyo njiani. Leo mmoja amerusha jiwe."

Mama hakujua. Mimi nilijua. Nilikuwa nimekaa pale pale na sikusema kitu.

Msomaji wa mbali ataona ni utani wa watoto. Msomaji wa kwetu hataona hivyo. Huku Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi, na macho mekundu ya moshi yakahesabiwa kuwa ushahidi. Na tarehe 30 Mei 2024, huko Kamachumu, Muleba, mtoto wa kike mwenye ualbino, hajatimiza hata miaka mitatu, aliporwa mikononi mwa mama yake. Mwili wake ulipatikana Juni 17, viungo vimenyofolewa. Watu tisa walifikishwa mahakamani hapa Bukoba. Kamachumu si nchi ya hadithini. Mabasi yanakwenda kila siku.

Sasa, mwandishi akimwumba mchawi, je, ana mkono katika mambo haya?

Nilimuuliza kaka mmoja anayefundisha tuisheni, msomaji mkubwa kuliko mimi. Akanijibu, "Acha kujitesa, mdogo wangu. Waliofanya ya Kamachumu hawakusoma riwaya. Woga wa uchawi ulikuwapo kabla ya kitabu, na utakuwapo hata ukichoma madaftari yako."

Hoja yake ina nguvu, nami sitaki kuirukia. Ni kweli woga hauhitaji kitabu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, Muleba, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kuacha. Kicheko kikaambukiza, na kilio nacho, hadi wanafunzi 95 kati ya 159 wakapatwa, na shule ikafungwa mwezi Machi. Kikasambaa mpaka Nshamba (si Nshambya yetu ya Bukoba, ni Nshamba ya Muleba). Waganga wa hospitali walipima, hawakuona sumu wala kijidudu. Hapakuwa na riwaya pale. Wanadamu huambukizana mioyo.

Na ugonjwa ulipoingia Kagera baada ya vita vya 1978 na 1979, watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilicholetwa na magendo kutoka Uganda. Wapo waliosema wafanyabiashara wa ng'ambo wamewaroga waliowadhulumu. Ilikuwa kesi ya kifo, na wengi wakamtaja mhalifu asiyehusika. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini wakatambuliwa hapa hapa Kagera. Wakati wa kumtafuta mchawi ulikuwa ni wakati virusi vinatembea bila wasiwasi.

Tusidhani ni sisi tu. Huko Rhode Island, Marekani, mwaka 1892, kaburi la msichana aitwaye Mercy Brown lilifukuliwa kwa kuwa wanakijiji waliamini marehemu ananyonya uhai wa ndugu zake. Kumbe ni kifua kikuu kilichokuwa kinaimaliza familia. Miaka mitano baadaye Dracula kikatoka. Kwao marehemu mnyonya damu alikuwa binti wa jirani, kwangu mimi ni bwana wa mbali. Hadithi ni ya namna ile ile. Kinachotofautiana ni nani atabeba sura yake ukishafunga kitabu.

Hapo ndipo ninapoachana na kaka yangu wa tuisheni. Mwandishi hauumbi woga, sawa. Lakini woga hauna anwani. Unazunguka tu kama upepo, haujui ugonge mlango gani. Mwandishi ndiye anayeuandikia anwani. Mimi niliuandikia: nyuma ya migomba, mwanamke, mzee, peke yake, macho mekundu. Mtoto wa miaka minane alitosha kuifikisha barua.

Je, nasema Mirathi ya Hatari kisiandikwe? La hasha. Sitaki mtu wa kukagua madaftari yetu vijana, maana huyo atafuta na mazuri. Tena katika kitabu kile uchawi unakuja kwa njia ya baba na mwana, ndani ya nyumba. Msomaji anaogopa kilichomo kwake mwenyewe, si ajuza wa jirani. Woga wa namna hiyo haumrushii mtu jiwe. Ninalosema ni hili: haki ya kutisha ninayo, lakini sina haki ya kulipia woga wenu kwa shingo ya mtu asiye na uwezo wa kujibu. Bwana wa ngome ana ngome. Bibi yule ana ndoo, tena imepasuka.

Siku tatu baadaye nilimpelekea ndoo mpya. Nikamweleza ukweli. Hakukasirika kama nilivyotegemea, na hilo liliniumiza zaidi. Akataka nimsomee. Nikamsomea sura nzima ya kwanza pale pale jikoni, moshi unanitoa machozi. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Huyu Mamakiza wako, alizaa?"

Nikasema sijui.

"Wazazi wake je? Alitoka wapi?"

Nikasema sijui, bibi.

Akachochea kuni, akaniambia mbona naandika habari za mtu nisiyemjua.

Madaftari sijayachoma. Daftari la kwanza nalianza upya. Kikongwe bado yumo na macho yake yamo, ila sasa jiko lisilo na dirisha limo pia, na wanawe watatu, na mmoja aliyekufa. Kinachotafutwa si mchawi tena. Anatafutwa mtu wa kwanza kusema, "Yule bibi ni mchawi," alisema lini, na alifaidika nini. Namfuata kwa njia ya Bwana Msa. Naona itatisha kuliko ile ya mwanzo, maana siku zinavyokwenda huyo mtu anazidi kufanana na mimi.

Wewe mwenzangu unayeandika vya kutisha, sikuambii uache. Nakuomba tu, kabla hujampa zimwi lako sura, utoke nje utazame majirani. Ukiona mmoja anayefanana nalo, mfuate kwanza, ukae naye, umuulize watoto wake wanaitwa nani.